Sombe Haikimbizwi



Wiki mbili zilizopita rafiki yetu aliyehamishiwa Marekani alituma picha kwenye grupu. Anafanya kazi kwenye shamba la mboga. Pichani kulikuwa na rundo la mashina ya kijani yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, na pembeni chupa ndogo yenye kitu cha kijani kilichotwangwa, kinang'aa mafuta. Akaeleza kwa sauti: haya ni mashina ya maua ya kitunguu saumu, wanayakata mwezi wa 6, wanayasaga na mafuta, jibini na karanga za kwao, wanaita pesto. Alipotaja bei ya chupa ile, grupu ilijaa vicheko.

Mtu wa kwanza kujibu aliandika: "Hiyo si sombe tu?" Wa pili akaongeza: "Basi na sisi tutoe ya kwetu. Sombe mbichi, mafuta, kitunguu saumu, karanga, hakuna kuwasha moto. Makala imepanda bei."

Hapo ndipo baadhi yetu tulipoacha kucheka. Ndiyo sababu ya andiko hili.

Kwanza tuseme ukweli, yule wa kwanza hakukosea sana. Pesto ni chakula cha Genoa, mji wa bandari wa Italia, na jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiitaliano pestare, ambalo ni kuponda, kutwanga. Ile ya asili ni majani ya mrihani yanayotwangwa kwenye kinu cha mawe pamoja na kitunguu saumu, mbegu za msonobari, chumvi, jibini na mafuta ya zeituni. Kinu na mchi. Majani na mafuta. Mama yeyote wa Uvira au wa Bujumbura akiona kazi ile anaitambua hata kama hajui kusema neno moja la Kiitaliano.

Na hii ya mashina ya kitunguu saumu inatukaribia zaidi. Kuna aina ya kitunguu saumu inayopenda baridi kali ya theluji, na majira ya joto yanapoanza inatoa shina la ua. Mkulima analikata ili nguvu ya mmea irudi chini, kitunguu kinenepe. Kwa hiyo shina ni kitu cha kutupa. Mtu akasema, kwa nini tutupe, na lina ladha ya kitunguu saumu chenyewe? Sisi tunapanda muhogo kwa ajili ya mzizi, na wakati mzizi unanenepa chini tunakula majani ya juu. Akili ni ileile. Tofauti ni kwamba kwao ikiwekwa kwenye chupa inaitwa ufundi wa mapishi, na kwetu ikiwekwa kwenye sahani kuna vijana, tena wa humu humu kwenye grupu, wanaoiita chakula cha watu wa kijijini.

(Kabla hatujaendelea: pesto hiyo inakaa kwenye friji. Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa ndani ya mafuta na kuachwa kwenye joto la nyumba kinaweza kuzaa sumu ya botulizimu, ambayo inapoozesha mwili na inaua. Hatuna friji. Ukitengeneza kitu cha namna hiyo kwa mrihani au kwa majani ya kitunguu, tengeneza cha kuisha siku hiyohiyo.)

Sasa turudi kwa yule wa pili, wa sombe mbichi. Ndugu, hapana. Mrihani na kitunguu saumu ukila vibichi havikudhuru. Jani la muhogo siyo mrihani.

Ndani ya jani la muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini. Kikiwa kimetulia mahali pake, hakina fujo. Mahali pengine, kwenye kuta za seli za jani lilelile, kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukivunja. Mmea umewatenga hao wawili kama majirani wenye kesi. Mbuzi akitafuna jani, kuta zinavunjika, wawili wanakutana, na katika ugomvi wao inatoka sianidi, ambayo ni sumu kweli. Ndivyo mmea unavyojilinda. Na usidanganyike kwamba muhogo wako ni mtamu: hata kwenye mihogo mitamu, majani kwa kawaida yana sumu nyingi kuliko mzizi, na yale machanga laini tunayoyapenda ndiyo yamebeba zaidi.

Kinu kinafanya kazi ya meno ya mbuzi, ila nje ya tumbo. Ukitwanga sombe mbichi mpaka ikawa kama uji mzito, umevunja zile kuta, umewakutanisha wale wawili ndani ya kinu, na sumu inaanza kuondoka kabla hujawasha jiko. Sianidi inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, karibu sawa na joto la mchana wa kawaida hapa kwetu. Ile harufu kali inayopanda unapotwanga, inayofanana kidogo na lozi chungu, ni yenyewe inaondoka. Ukiweka sufuria motoni bila kufunika, inayobaki inatoka na mvuke.

Bibi zetu hawakujua jina la linamarini. Lakini mmoja wao, bibi wa rafiki yetu, kila siku anarudia maneno yaleyale: "Batoto, musifunike hii nyungu, iache ipumue kwanza." Tulikuwa tunadhani ni mambo ya imani za zamani. Kumbe ni kemia.

Na siyo sisi tu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika katika karne ya 16. Kule ulikotoka, kwenye jimbo la Pará nchini Brazil, kuna chakula kinaitwa maniçoba: majani ya muhogo yaliyosagwa, yanachemshwa kwa siku nyingi, kwa desturi karibu wiki nzima, kabla ya kuliwa na nyama. Wiki nzima! Wenye muhogo wao wa asili hawaikimbizi.

Hapa ndipo tunapotaka wafanyakazi wa mashirika mtusikilize vizuri, maana jambo hili haliko kwa vijana wa grupu peke yao.

Kuna mafunzo ya lishe yaliyofanyika kwenye kijiji chetu. Hatutaji shirika, na mwezeshaji mwenyewe alikuwa kijana mwenye heshima, aliyefundishwa siku chache halafu akapewa karatasi za picha aende kuwafundisha kina mama. Kwenye karatasi moja kulikuwa na mboga za majani zimepangwa pamoja: dodo, ambayo Wakongo tunaiita lengalenga, sukumawiki, majani ya maboga, na pembeni jani la muhogo, unalijua kwa vidole vyake. Chini yake maelekezo yalikuwa mamoja kwa wote. Katakata. Pika dakika chache ili vitamini zisipotee. Funika sufuria ili kuokoa makaa.

Kwa lengalenga, sawa kabisa. Kwa sukumawiki, sawa. Kwa maharage, kufunika sufuria ni akili nzuri, na kuyaloweka usiku ni akili zaidi. Lakini kwa sombe kila mstari wa karatasi ile ni kinyume. Kukatakata kwa kisu hakuvunji kuta za kutosha. Dakika chache hazitoshi. Na kifuniko kinazuia kile tunachotaka kitoke. Mama mmoja aliuliza, "Na sombe pia?" Akajibiwa afuate picha.

Sasa fikiri ni nani atafuata picha hiyo. Siyo mama wa miaka hamsini aliyezaliwa Fizi na kinu mgongoni. Huyo atacheka na kwenda zake. Atakayefuata ni binti wa miaka 17 aliyekimbia bila mama, analea wadogo zake watatu, hakuna wa kumwambia nyungu ipumue. Huyo karatasi ndiyo mama yake. Tena ana sababu nyingine ya kuiamini: inampa ruhusa ya kutumia makaa kidogo.

Maana hali ya chakula mnaijua. Hapa Uganda mgao ulishushwa hadi asilimia 70 Aprili 2020, ukashushwa tena hadi asilimia 60 Februari 2021, na 2023 tukaanza kupangwa kwa makundi, nani apate zaidi, nani kidogo, nani asipate kabisa. Mgao ukipungua, familia zinahamia kwenye kile kinachoota karibu, na kinachoota hata jua likiwa kali ni muhogo. Wakati huohuo, kuni ziko mbali, na makala, yaani makaa, inauzwa kwa kavera ndogo ambayo haimalizi siku mbili. Sombe ya kuchemka saa moja na nusu inashindana na maharage ya kesho. Kwa hiyo mtu anapunguza muda wa moto. Hatumlaumu. Lakini mtoto mdogo anayekula sombe iliyokatwa kwa kisu na kuchemka robo saa anaweza kuumwa kichwa, kizunguzungu, tumbo na kutapika usiku huo, na asubuhi watu wanasema ni malaria.

Wazee kutoka Kongo wanajua pia ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na hauponi. Neno lenyewe ni la Kiyaka, watu wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938. Tusitie watu hofu bure: konzo inatokana hasa na kula mizizi michungu isiyolowekwa vizuri, wiki baada ya wiki, kwenye nyumba ambazo hazina protini ya kutosha. Haitokani na bakuli la sombe. Lakini somo lake linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu inawapata watu wakati wa vita, ukame na njaa, pale wanapofupisha kazi ya kuandaa muhogo kwa kukosa muda na chakula. Mzizi ule ule, watu walewale, ila mwaka wa haraka.

Tunasema basi mashirika yatukataze sombe? Mungu apishe mbali. Tunasema kinyume chake, muichukue kwa uzito zaidi ya hapo. Gramu 100 za majani mabichi ya muhogo zina protini gramu 7 hivi. Mzizi uleule unaotupa unga una gramu 1 hivi. Jani lina vitamini A kwa wingi, lina madini ya chuma na kalsiamu. Kwa nyumba inayokula posho na maharage yaliyohesabiwa, au posho bila maharage, hilo jani ndilo nyama. Halafu tunaletewa mbegu za kabichi zinazotaka maji kila jioni, na maji yenyewe tunapanga foleni.

Na kuna njia ya kuokoa makaa bila kucheza na sumu. Howard Bradbury, mwanasayansi wa Australia aliyefanya kazi miaka mingi juu ya muhogo na konzo, pamoja na wenzake walipima njia hii: unatwanga majani vizuri, unayatandaza yakae saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu unayaosha kwa maji safi mara tatu na kuyakamua. Sumu karibu yote inaondoka bila moto wowote, na vitamini nyingi zinabaki. Baada ya hapo unapika kwa muda mfupi tu ili iwe chakula. Jua tunalo bure. Kinachotakiwa ni maji kidogo, subira, na kinu.

Kinu! Ndicho tunachokitafuta. Kwenye usambazaji tumeona majiko banifu, tumeona taa za sola, tumeona sufuria. Hatujawahi kuona kinu. Watu walikimbia na watoto na godoro, nani angebeba kinu cha mti kuvuka mpaka? Sasa kwenye mtaa wetu vinu viko vichache, vinazunguka nyumba hadi nyumba, na ukikosa zamu unachukua kisu. Sisi tunasema kinu kiandikwe kwenye orodha moja na jiko banifu, kwa sababu kinaokoa makaa kama lenyewe. Seremala wa humu humu wanaweza kuvichonga, na pesa ibaki mtaani. Kimoja kwa nyumba kumi kingekuwa mwanzo.

Kuna mashine pia, zile za kusaga sombe pale sokoni. Wazee wanasema inaua ladha, inafanya iwe kama dawa ya meno. Kwenye hilo la ladha tunawaunga mkono. Lakini mashine inasaga laini, na laini ndiyo tunayoitaka, kwa hiyo mwenye shilingi na asiye na kinu aende mashine bila aibu. Kisu ndicho tunachokataa. Na wale ambao kwao wanababua majani kwenye maji ya moto kwanza ndipo wanatwanga, hatugombani na mila ya mtu, ila mjue moto unaua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, kwa hiyo maji yale yamwagwe, na baada ya kutwanga mchemshe muda mrefu. Sisi tuko upande wa Warundi kwenye hili: isombe inatwangwa mbichi.

Mambo mawili ya shambani, haraka. Usivue mti mmoja hadi ukabaki fimbo, kwa sababu majani ndiyo yanayolisha mzizi. Chuma kidogo kwa kila mti, zunguka. Na vipando visiwe vya kuokota popote. Ugonjwa wa batobato uliteketeza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, watu walilala njaa. Watafiti wa hapa wametoa aina zinazouvumilia, kama NASE 14 na NAROCASS 1. Shirika linalotaka kutusaidia na bustani lilete hizo fimbo, hazihitaji hata gari kubwa.

Sasa neno kwa vijana wenzetu wa kiume. Tumesikia visingizio vyote. Kutwanga ni kazi ya wanawake, mikono itaota malengelenge, nitachekwa. Mchi una uzito, na kinu kimoja cha sombe ni nusu saa ya jasho. Wewe unayelipa pesa kuinua vyuma pale kwa fundi, njoo uinue mchi. Kwenye kikundi chetu tumeweka zamu, wavulana Jumamosi, wasichana wanapumzika au wanafanya hesabu za kikundi. Wa kwanza walichekwa kweli. Wiki ya tatu wanaocheka walianza kuuliza chakula kinaiva saa ngapi.

Na kwa yule rafiki yetu wa Marekani: tunataka kujua, je, huko kwenu sombe ya kugandishwa inauzwa? Tumesikia maduka ya Waafrika wanayo, pakiti kwenye barafu, imeandikwa pondu au saka-saka au kisamvu, kila mtu na jina lake. Hata hiyo ichemshe vizuri, bila kifuniko. Halafu ukimaliza, chukua hayo mashina ya kitunguu saumu uliyotuonyesha, twanga machache, utie mwishoni pamoja na mawese na pilipili. Tunafikiri itakubali. Huku kitunguu saumu chetu hakipati baridi ya kutoa shina hilo, kwa hiyo wewe ndiye utatuambia.

Jumamosi hii tunatwanga nyuma ya ukumbi wa vijana. Majani tunayo, mawese tunayo, ndagala tumechangishana, karanga bado kilo moja. Tutafanya sufuria mbili, moja ya kuchemka njia ya bibi, moja ya kutandaza juani na kuosha mara tatu, na bibi mwenyewe ataonja zote na kutoa hukumu. Mwezeshaji wa lishe tumemwalika, na amekubali kuja na ile karatasi yake ya picha tuirekebishe pamoja kwa kalamu. Wafanyakazi wengine mnaotaka kuja, karibuni sana, lakini msije saa saba mkitegemea kukuta sahani. Njooni saa mbili asubuhi, na mvae viatu vya kusimama.